Jiwe la Hema Letu

Mimi ndiye niliyelitupa jiwe la kusagia, na simsingizii mtu.

Tulikuwa wanane katika hema moja la ngozi, tukila chungu kimoja, tukisaga kwa zamu. Jeshi la Roma halimpi askari unga. Linampa ngano, ajisagie mwenyewe. Tulipokimbia kutoka ng'ambo ya Mto Rhine tulibaki watatu: mimi, Vibio mkuu wa hema, na Stati, niliyempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Jiwe la kombeo lilikuwa limemvunja taya, na homa ilimlegeza miguu. Nyumbu wetu alikuwa amelemewa.

"Tushushe jiwe, apande mgonjwa," nikasema.

"Una wazimu wewe?" Vibio alinifokea. "Huyu hana meno. Atadonoa ngano kama kuku?"

"Tutaazima jiwe hema la jirani, kwa kina Opita."

Stati alinishika mkono. Maneno yalimtoka kwa shida. "Numeri, ndugu yangu, liache jiwe. Nitupe mimi."

Nililisukumia matopeni. Lilizama mara moja, nami nikajiona mwerevu.

Tulitembea kinamasini siku tatu. Moto ulikatazwa, maana moshi ungetuuza kwa adui, lakini unga uliokorogwa kwa maji baridi humezeka. Tuliposimama tu siku ya kwanza, nikaenda kwa Opita, jirani yetu wa miaka yote, na kibaba changu cha ngano.

"Jiwe?" Alicheka vibaya. "Tulilitupa jana, bwana. Tulijua nyinyi mnalo."

Hema la pili, vilevile. La tatu, la tano, vilevile. Kila hema lilitegemea jiwe la jirani.

Kinamasi kile hakikuwa na hata kokoto ya kupondea. Niliponda ngano ndani ya kofia yangu ya chuma kwa kitako cha upanga, chenga zikampalia Stati. Nikamtafunia, kama mama anavyomtafunia mtoto. Alimeza mara mbili. Mara ya tatu chakula kilirudi na damu, na baada ya hapo akawa anafumba mdomo na kugeuza uso.

Siku ya tatu mchana, Vibio alimshusha, amekwishakata roho. Nilimlilia bila aibu, mbele ya kikosi kizima.

Vibio alikaza kamba za mizigo, akapapasa mgongo wa nyumbu mahali Stati alipokuwa.

"Sasa jiwe lingepata nafasi," akasema.

Gunia la ngano lilikuwa bado limejaa.