Mlango Mmoja Mpaka kwa Afisa

Mbunifu alikuwa ameketi kando ya cherehani ya shangazi yake, mikono ameikalia. Ndiyo kanuni ya kazi ya wabunifu wa tovuti. Unapomtazama mtu akijaribu tovuti, humsaidii. Humwonyeshi kitufe, humnong'onezi, hukohoi kikohozi cha kumzindua. Vidole vikikuwasha, vikalie. Shangazi alikuwa ameisogeza simu karibu kabisa na pua, kwa sababu jicho la kulia lilikwisha kufunikwa na mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa njiani. Alikuwa akitafuta mahali pa kuendelea. Kitufe kilikuwepo, cha kijivu juu ya kijivu, chini kabisa ya ukurasa, na shangazi alikipita kama anavyompita jirani waliyenuniana naye.

Alipogusa mahali pasipo penyewe, ukurasa ulimwandikia kwamba amekosea, ukamrudisha mwanzo.

"Nimekosea wapi?" shangazi akauliza.

Mbunifu hakujibu. Kanuni ni kanuni.

"Basi ni mimi," shangazi akasema, akailaza simu juu ya kitambaa. "Mimi na mashine, mwanangu, tunaelewana ikiwa ina sindano."

Alikuwa amejaribu kwa miezi. Hospitali ilikuwa tayari kumpasua, na daktari alisema ni shughuli ya asubuhi moja tu, lakini bila kibali cha Ofisi ya Vibali vya Matibabu hakuna anayegusa jicho la mtu, na kibali kiliombwa kwa tovuti peke yake. Shangazi alimlea Mbunifu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, kwa cherehani hiyo hiyo. Akishapofuka, cherehani itabaki kuwa meza ya kuwekea vikombe. Mbunifu aliondoka pale damu ikimchemka, akaenda zake ofisini, kwa kuwa tovuti ile sasa ilikuwa mikononi mwake. Alikuwa ameajiriwa juzijuzi tu ili airahisishe.

Jengo la Ofisi ya Vibali na tovuti yake vilikuwa mwili mmoja. Hilo Mbunifu alielezwa siku ya kwanza na fundi wa mitambo, pamoja na choo kiko wapi na birika la umeme huzimwa vipi. Kila ukurasa wa tovuti ulikuwa mlango kwenye korido. Ukiongeza ukurasa, korido inarefuka. Waliomtangulia walipenda sana kuongeza, kwa hiyo korido ilikuwa imejikunja na kujikunja tena ili ienee ndani ya kiwanja, na watumishi wenyewe hawakuwa na habari ya mwisho wake.

Palikuwa na chumba cha kuthibitisha kwamba mtu si roboti. Humo wazee waliinama juu ya lundo la vyuma wakichambua taa za barabarani, wakatoka na grisi mpaka viwikoni. Palikuwa na mlango wa kurudi nyuma, na nyuma yenyewe ilikuwa barabarani. Palikuwa na sauti darini iliyomwambia kila mtu kwamba amekosea, bila kusema nini. Na mtu akichelewa kujibu, sakafu ilimwinamia taratibu ikamtelezesha hadi nje, kwa adabu, kisha kofia yake ikamfuata. Watu walijipangusa vumbi wakashika foleni upya. Hapakuwa na malalamiko. Kila mmoja alijua kwamba amekosea, ila hakujua wapi.

Mlinzi wa jengo walimwita Mzee Funguo, kwa sababu ya tita la funguo lililomvuta suruali upande mmoja hata akawa anatembea mshazari. Mbunifu alianza kazi kwa kufuta ukurasa uliouliza kwa mara ya pili mahali pa kuzaliwa. Kabla chai yake haijapoa, simu ya mezani ikalia.

"Binti, ule mlango wa kijani umeondoka," Mzee Funguo alisema. "Sasa ufunguo wake niuweke wapi?"

Mbunifu alikwenda mbio kuona. Kweli, palikuwa na ukuta mtupu, rangi yake bado mbichi, na mtu mwenye magongo alikuwa akipita hapo bila kupunguza mwendo. Moyo ulimdunda kwa furaha. Alirudi mezani kwake mbio vilevile, akafuta na mwingine.

Majuma yale yalikuwa matamu, na Mbunifu hakumbuki kama alikuwa akila. Alikuza herufi, na vibao vya korido vikavimba usiku kucha mpaka mtu mmoja aliyekuwa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara akasoma kwamba ni zamu yake, akaja na nusu ya kichwa. Alikipa kitufe rangi ya chungwa, na vitasa vyote vikawa vya chungwa, tena vya vuguvugu, vikipendeza kushikwa. Alifuta chumba cha roboti. Zile taa za barabarani zikasombwa kwa lori na kusimikwa kwenye makutano ambayo hayakuwahi kuwa nazo. Alifuta saa iliyowahesabia watu muda wa kujibu, na sakafu ikalala kama mbwa aliyeshiba. Ile sauti ya darini aliiandikia maneno mapya, kwamba samahani, tarakimu za kadi hazijatimia, nyingine ziko nyuma chini ya picha. Siku ya kwanza sauti ilijikwaa. Siku ya pili ilizoea, na haikuchukua muda ikaanza kuwauliza watu hali za magoti yao.

Kila badiliko alilijaribisha kwa mtu. Alimkamata dereva, akamkamata mfagizi, akamkamata hata mama chai aliyekuwa akiwauzia watu wa foleni, naye alikuja akinung'unika kwamba kurahisisha huku kutamfungisha biashara. Mbunifu aliketi nyuma yao, mikono ameikalia, akitazama vidole vyao vikienda vyenyewe mahali panapostahili. Mama chai alifika mwisho kabla ya kumaliza kunung'unika. Siku hiyo Mbunifu alicheka peke yake njia nzima kwenda nyumbani.

Mkurugenzi aliposhuka kujionea, alishika kitasa cha chungwa hakutaka kukiachia. Alimhimiza apunguze zaidi. Mbunifu alimuuliza kinachotokea mtu akishabofya kitufe cha mwisho. Mkurugenzi akamjibu kwa upole kwamba kazi yake yeye inaishia kwenye kitufe. Ng'ambo ya hapo yupo Afisa wa Vibali, mtu wa shughuli nyingi, na anashughulikia. Mbunifu akaridhika. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na ni kosa la watu wa kazi yake wote: kwao mtu akishabofya, amefika.

Korido ikapungua ikawa milango michache, kisha ikawa mlango mmoja. Ulifunguka kutoka barabarani ukaingia moja kwa moja kwa Afisa. Funguo zote zilipokwisha, Mzee Funguo alinyooka, na ikaonekana kwamba kumbe ni mtu mrefu.

Asubuhi hiyo shangazi alijaribu tena pale kwenye cherehani. Aliisogeza simu puani, akaiona ile rangi ya chungwa kama unavyoona moto, akaigusa. Ukurasa ukamkaribisha aende kwa Afisa siku hiyohiyo.

"Ndiyo imekwisha?" akauliza. Akacheka, akaigusa simu tena kwa mapenzi. "Kumbe nilikuwa sijakosea. Miezi yote hiyo, kumbe si mimi."

Mbunifu alitaka kulia kwa furaha, na angelia kama wasingekuwa na haraka. Shangazi alivaa gauni lake la kutokea. Barabarani watu walikuwa wakingoja zamu zao wamechangamka, mwanamke mmoja akapiga kigelegele mlango ulipofunguka, na shangazi akaingia akiwa ameshika mkono wa Mbunifu.

Palikuwa na meza, na nyuma ya meza kiti, na mgongoni mwa kiti palikuwa na koti.

"Ametoka kidogo," Mzee Funguo alisema kutoka mlangoni. "Anarudi sasa hivi." Ndivyo alivyoagizwa aseme siku alipoajiriwa, na mlinzi aliyemtangulia aliagizwa hivyohivyo.

Mbunifu alilitazama lile koti. Lilikuwa jeusi, la kitambaa kizuri, na mabegani lilikuwa na vumbi la kupandia mchicha. Amekulia chini ya cherehani, kwa hiyo aliiona na mifuko. Ilikuwa bado imeshonwa midomo, kama inavyotoka kwa fundi. Hakuna mkono uliowahi kuingia humo. Alielewa papo hapo kwamba hajawahi kuwapo mtu pale, na kwamba watu wote wa foleni, miaka yote, walirudi makwao wakijilaumu kwa kukosea kujaza, na wengine walizikwa wakijilaumu.

Shangazi alipiga hodi, akaingiza shingo mbele kama kuku, akaona mabega. "Habari za kazi, baba," akasema. Akavuta kiti.

Mbunifu aliketi kwenye benchi nyuma yake. Shangazi akaanza kueleza. Alieleza kwamba jicho la kulia lilianza kama moshi, akadhani ni jiko. Alieleza kwamba siku hizi anapima watu kwa viganja, na kwamba mwezi uliopita amemshonea bibi harusi mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na bibi harusi akauvaa hivyohivyo kwa kumheshimu, na hiyo heshima ndiyo iliyomuuma. Kisha akasema neno ambalo Mbunifu hakuwahi kumsikia akilisema nyumbani.

"Naogopa. Giza lenyewe siliogopi sana. Naogopa kukaa bure, nikingojea mtu aje anilishe."

Koti halikusema kitu. Sauti ya darini ilimshukuru kwa kufika, ikamuulizia magoti, ikamwomba atoe nyota. Shangazi akatoa nyota tano, zikapanda zikanata darini.

Nje alimwambia Mzee Funguo kwamba ni bwana msikivu, hajamkatiza hata mara moja. Waliomfuata nao walitoka wakisema hivyo. Walisema hawajawahi kukutana na mtu wa ofisini anayekusikiliza mpaka mwisho, tena bila kutazama simu. Nyota zikawa nyingi mpaka chumba kikaacha kuwashwa taa.

Mbunifu alipanda kwa Mkurugenzi. Alimkuta akitembea huku na huko, furaha haimpi nafasi ya kukaa.

"Pale hakuna mtu," akamwambia.

"Pana koti."

"Koti haliwezi kutia sahihi."

Mkurugenzi akamshika mabega kama mzazi. "Binti yangu, kabla yako hapajatokea mtu aliyefika hata kwenye koti. Unaelewa umefanya jambo gani?" Kisha akamweleza wazo lake jipya. Kwa nini mtu atoke nyumbani? Mlango uende kwa watu. Mbunifu alitamani kukataa, lakini siku hizo shangazi alikuwa hawezi tena kuvuka barabara, na mwenye kuhitaji ni mwenye kuhitaji. Akaketi akafanya kazi, na lazima isemwe kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Mlango ukatokea katika chumba cha kushonea, kati ya kalenda na rafu ya vitambaa, na kitasa chake cha chungwa, cha vuguvugu. Kila asubuhi shangazi alipiga hodi, akaingia, akaketi, akaeleza. Kila asubuhi Mbunifu alikwenda naye akaketi nyuma. Kibali hakikuja. Moshi ukaingia na jicho la kushoto. Kwa majirani nako milango ilitokea, kila nyumba na wake, na mtaa mzima ukawa unaongea na koti kabla ya kunywa chai. Hali za watu zilikuwa zilezile, ila hapakuwa tena na foleni.

Asubuhi moja walipotoka kwa Afisa, shangazi aliketi kwenye cherehani kama kawaida yake, akaanza kupapasa tundu la sindano kwa ncha ya uzi. Uzi ukapita kando. Akaulamba, akajaribu tena, ukapita kando. Mbunifu aliketi akimtazama mpaka akashindwa kustahimili.

"Shangazi, lile ni koti. Pale hapana mtu. Hajawahi kuwapo."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza. Mtu ana pumzi, mwanangu. Koti nalijua hata likiwa gizani."

"Sasa kila siku unamweleza nani?"

Shangazi aligeuza uso upande wake, au karibu na upande wake.

"Nakueleza wewe," akasema. "Si ndiwe unayekaa nyuma yangu?"

Alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kisha akanyoosha mkono wenye sindano mbele yake, hewani, akamwomba amtungie uzi. Mbunifu alitazama chini akaona bado ameikalia mikono yake. Aliitoa. Ilikuwa imekufa ganzi yote miwili, na shangazi alingoja, sindano ameinyoosha, mpaka vidole vya mtoto wake vikaweza kushika kitu.