Alama Nyekundu kwenye Puli

Siku hiyo mjinga alikuwa Rudy Zelenka, na hata leo ukimuuliza hakatai. Atakuuliza tu wewe ujinga wako uliufanyia wapi, maana wa kwake ulikuwa na mashahidi.

Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza ni shemeji yake, Delmar Kriz, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, ambaye tangu amwoe dada yake Rudy hajapitisha wiki bila kumchokoza. Wa pili ni Mama Otilie Vondra, mjane afugaye ng'ombe nyuma ya kilima kirefu, aliyeingia asubuhi hiyo kwenye banda la Rudy la kutengenezea magari na sinia la kolachi, vile vimkate vya plamu, pamoja na wasiwasi wake.

Wasiwasi wenyewe ulikuwa lori: Dodge kuukuu la jeshi, rangi ya majani makavu, tangi la maji mgongoni. Nyasi za Nebraska zikishika moto hazina mzaha, na mwaka uliopita zilipowaka kwa Mama Otilie, lori hilo ndilo gari pekee la zimamoto lililofika. Sasa lilikuwa likikohoa na kuishiwa nguvu mwinuko ukianza tu. Delmar akapata nafasi ya kuliondoa. Kulikuwa na mtu anayekusanya magari ya vita, angefika mchana kulichukua.

"Likipanda kilima cha Vondra na tangi limejaa, libaki," Delmar alisema. "Likishindwa, liende zake. Na usinililie, shemeji."

"Nilishalia siku ulipomwoa dada yangu. Machozi yaliisha."

Rudy alikuwa ameshabadilisha pointi za distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Kilichobaki ni kuseti taimingi, yaani cheche iruke pale pistoni inapokaribia kufika juu, si mapema mno, si baada ya karamu kwisha. Alikuwa ameazima taa ya taimingi mpya kabisa, inayong'aa kama kijiko cha harusi. Taa hiyo unaibana kwenye waya wa plagi ya kwanza, na kila cheche ikipita wayani, nayo inamulika mara moja.

Akaliwasha lori. Akabana waya wa kwanza. Taa kimya. Akabana wa pili, kimya. Akaenda hivyo mpaka wa mwisho, kisha akajifuta mikono kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji na habari mbaya.

"Hakuna cheche," akatangaza. "Silinda zote zimekufa."

Delmar akatega sikio. Injini ilikuwa ikinguruma mpaka kolachi zinacheza siniani.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii ni maiti ya kwanza ninayoisikia ikikoroma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Rudy masikio yakamwiva. Alikuwa na miaka thelathini ya kufungua injini, na alikuwa ametangaza msiba wa kitu kinachomtemea moshi usoni.

Mama Otilie hakucheka. Aliinama juu ya injini, akaonyesha kwa kidole.

"Hizi nyaya mbona zimevaa chuma? Za trekta langu ziko uchi."

"Ni za jeshi, mama. Cheche hupiga kelele kwenye redio. Kwa hiyo walizivika wavu wa chuma, kelele isitoke, mtu yeyote wa nje asi..."

Akaitazama taa mkononi.

"Asijue kama kuna cheche," Delmar akamalizia, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

Wale wanajeshi walikuwa wameificha cheche vizuri hata miaka sabini baadaye bado haijapata ruhusa ya kujitokeza. Rudy akazima injini. Akafungua plagi ya kwanza, akaweka ya kawaida, na katikati akaunganisha kipande cha waya usiovaa chuma kilichotoka kwenye trekta alilokuja nalo Mama Otilie. Halafu akapangusa masizi ya puli, gurudumu la mkanda lililo mbele ya injini, mpaka kikaonekana kijistari chembamba kilichochongwa kiwandani.

"Nani ana rangi?"

Mama Otilie akatoa mkobani rangi yake ya kucha, nyekundu anayopaka siku za kanisa.

"Haya, sasa tunalipamba," Delmar akasema. "Limepata mchumba."

Rudy akakipaka kijistari rangi hiyo. Wakafunga mlango wa mbele kuzuia jua, wakaacha wa nyuma wazi moshi utoke. Rudy akawasha, akabana waya ule wa trekta, akabonyeza.

Puli ikasimama.

Injini ilikuwa inanguruma, mkanda unakimbia, upepo wa feni unawapiga usoni, na katikati ya vurugu hiyo chuma kile kizito kimetulia tuli kama kimeitwa jina. Ile alama nyekundu ilining'inia gizani, haitikisiki, mbali kidogo na mshale uliochongwa kwenye injini. Rudy alikuwa ameiona taa ikifanya hivyo kwenye injini nyingi, ikimulika kila alama inapopita mahali palepale mpaka jicho lidhani imesimama. Safari hii akainama kuitazama. Kuna mtu alichonga kijistari kile, akaenda zake, akafa pengine, na kijistari kimebaki kikizunguka gizani, kikisema ukweli uleule kwa yeyote atakayekuja na mwanga.

"Inazunguka kweli?" Mama Otilie akanong'ona.

"Weka kidole uone, mama. Utarudi nyumbani na vidole tisa."

Delmar alikuwa amevua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Rudy akaigeuza distribyuta kwa kiasi cha unywele. Alama ikatambaa. Akaigusa tena. Ikaingia chini ya mshale, ikakaa, na papo hapo kikohozi kikakoma. Sauti ikawa moja, nzito, ya chini, waliyoisikia miguuni kabla ya masikioni.

Wakajaza tangi mpaka likafurika. Rudy akashika usukani, Mama Otilie katikati na sinia lake, Delmar mlangoni. Wakalipita shimo la mchanga ambamo gari jipya la zimamoto lilizama mwezi uliopita. Delmar akatazama upande mwingine. Kilima kikaanza. Rudy akaingiza gia ya chini, akasubiri lishtuke kama kawaida yake. Halikushtuka. Lilipanda bila papara mpaka mbingu ikajaa kioo chote, na walipofika juu nyasi zilikuwa zimetandazwa chini yao hadi mwisho wa macho, zikilala na kuinuka kwa upepo. Injini ikaunguruma peke yake.

Delmar ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Sawa, limepanda. Lakini leo ni leo tu! Mtu mwenye akili anategemeaje kizee cha namna hii?"

Mama Otilie akampa kolachi ya mwisho.

"Mimi nimelizidi umri, Delmar, na ulipozama pale chini na gari lako jipya, ulimpigia nani simu aje akuvute?"