Barabara ya Kai

Mbonea anasinzia mezani mchana kweupe, kalamu mkononi, bado anabishana na kai, neno dogo la Kigiriki lililotapakaa Agano Jipya zima na ambalo mara nyingi maana yake ni ‘na’ tu, lakini yeye, mfasiri mzima, kila akilikuta analigeuza kuwa ‘kwa sababu’. Meza inalainika, inakuwa barabara, na barabara haina mwisho. Anatembea. Kushoto kuna mji, kulia kuna mji uleule kama umejitazama kwenye kioo, na katika mji wa kushoto mama yake anakata roho, na katika mji wa kulia dada yake Nakijwa anashuka kwenye basi, amechelewa. Tangu mazishi hawasemezani, na tafsiri imekwama, maana ni Nakijwa aliyekuwa akisomewa kila sura kwa Kipare na kuisimulia upya kwa maneno yake, ijulikane kama imeeleweka. Bila masikio yake kazi haiendi, na Mbonea kwa kiburi chake hataki mwingine wala hampigii simu.

Mbele yake anasimama mtu asiye na uso. Umebeba nini, bwana mfasiri? Nimebeba ‘kwa sababu’, nataka kuunganisha miji hii, mama alikufa kwa sababu Nakijwa alichelewa. Haya, itandike tuone. Mbonea anaitandika, na barabara inapasuka, miji inazidi kuachana, sauti ya mama inafifia, naye anaogopa kwelikweli. Ni nani, anauliza yule asiye na uso, huwashika wawili mkono bila kumsingizia yeyote? Jibu Mbonea analijua, amewafundisha wengine miaka yote. Mama alikufa, anasema taratibu. Na Nakijwa alichelewa. Miji inagusana. Analia kama mtoto, maana hasira ndiyo iliyokuwa ikimshikilia, na sasa amebaki na msiba mtupu, na dada.

Anashtuka. Shavu limenata kwenye karatasi, simu iko sikioni, na hakumbuki kuipiga. Kaka, mbona kimya, inasema sauti ya Nakijwa, nisomee basi. Nje ya dirisha barabara ingali inakwenda, miji huku na huku, na Mbonea hana hakika kama ameamka. Anaivuta sura iliyokwama, anafuta ‘kwa sababu’ ya kwanza, anaandika ‘na’, anaanza kusoma.