Mizunguko Arobaini na Nne

Nikisema sikumpenda Nyongesa nitakuwa nimempunguzia. Nilimchukia. Nilimchukia kuanzia siku ile binti yangu Jebet alipomleta nyumbani kwangu Kiamunyi, akakaa kwa kiti changu na kucha zake nyeusi tititi, akaniambia, "Mzee, mimi ni fundi wa giabox." Fundi! Mimi Weldon nimekuwa foreman wa gereji ya shamba la maua kule Naivasha miaka ishirini na sita. Nimenuka oili hadi kanisani, ili msichana wangu asome awe mwalimu. Ndiye huyo sasa ananiletea mkwe, makanika wa mtaa wa Kaptembwo ambaye gereji yake ni mwavuli na jeki mbili.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Nyingine sikumwambia mtu. Mama yake Jebet alikufa miaka sita iliyopita, na katika nyumba ile tulibaki sisi wawili. Asubuhi ananiwekea chai, akitoka shule ananihadithia mambo ya walimu, tunacheka. Huyo kijana alikuja kuninyang'anya mtu wangu wa mwisho, na mimi ni nani nimfungulie mlango? Nikaapa kwamba ndoa hiyo haitafanyika.

Lakini kumkataza Jebet wazi singeweza. Ana kichwa kigumu, amekitoa kwangu. Ukimwambia asiende, ashaenda. Ilibidi amkatae Nyongesa yeye mwenyewe, kwa mdomo wake.

Gari langu ni stesheni wagoni ya zamani, four-wheel, na siku hizo gia ya tatu ilikuwa inaruka. Nikamwambia Nyongesa mbele ya Jebet, "Kijana, boksi ingine ya gia nitanunua mimi. Wewe utaiweka. Ikikaa vizuri, Jumamosi ya pili namchukua mama yako na hiyo gari, tunapanda Mau Narok kwa kaka yangu Kipkemei, mkutane na wazee." Jebet alinirukia shingoni kwa furaha. Alikuwa akinifinya mabega, na mimi nilikuwa nishaamua.

Wacha niwaeleze, maana wengi wenu mnaendesha tu. Gari la namna hiyo linavuta mbele na nyuma. Meno ya kuvuta mbele yamo ndani ya giabox, ya nyuma yamo ndani ya difu, pale katikati ya ekseli ya nyuma, na lazima hesabu zake zilingane. Kwa macho, boksi hizo zinafanana zote. Zinaingia kwa bolti zilezile, gari linawaka, linatembea, na kwa safari fupi hutajua kitu. Lakini kama hesabu hazilingani, mbele inataka kwenda mwendo wake na nyuma wake, na zinapigania katikati hadi kitu kiungue. Difu yangu ilikuwa ya arobaini na nne, yaani ukizungusha magurudumu ya nyuma mara kumi, shafti inayotoka kwa giabox inazunguka mara arobaini na nne. Nikatembea maduka ya spea siku mbili nikitafuta boksi ya arobaini na moja. Muuzaji mmoja akaniuliza, "Mzee, umeangalia difu yako ni ya ngapi?" Nikamwambia achunge duka lake.

Nyongesa alikuja asubuhi, Jebet akiwa shuleni. Nilikaa nyuma ya pazia nikamwangalia. Akatoa boksi ya zamani. Akasoma namba ya ile mpya, akakunja uso. Kisha akaacha gurudumu moja la nyuma chini, akainua lingine kwa jeki, akachora shafti kwa chaki, akalala ubavu akaanza kuzungusha. Gurudumu moja likiwa limeshikwa chini, lile lingine unalizungusha mara mbili zaidi. Kwa hivyo alizungusha ishirini. Mimi huku ndani nilihesabu shafti pamoja naye. Arobaini na nne na kidogo. Akarudia. Arobaini na nne tena. Alikuwa fundi kamili, mshenzi yule, na hilo lilinichoma zaidi.

Akapangusa mikono, akabisha.

"Mzee, samahani. Hii boksi si ya hii gari. Difu iko na arobaini na nne, boksi ni ya arobaini na moja. Tukiiweka itaungua."

"Nani amekuuliza?"

"Ni vile tu nimehesabu, mzee."

"Nimefungua giabox kabla mama yako hajakuzaa. Wewe ni fundi ama ni wakili? Weka."

Akasimama pale mlangoni, anakunja kofia yake. "Basi wacha nibadilishe difu pia zilingane. Niko na moja kule Kaptembwo. Nakupea tu, mzee, sitaki kitu."

Hapo angenilainisha kama ningekuwa mtu wa kulainika. Nikamwambia, "Nimesema weka. Ama nimwambie Jebet kwamba kitu cha kwanza nilikuomba, ulikataa?"

Akavaa kofia yake. "Sawa, mzee."

"Na hii maneno ibaki kwetu wawili. Sitaki umsumbue Jebet na mambo ya gereji."

"Sawa, baba."

Aliniita baba, yule! Akarudi chini ya gari, akaiweka boksi bila tone la oili kudondoka. Jioni nilizunguka na Jebet hapo mtaani, gari laini kabisa. Nikamsifu Nyongesa hadi Jebet akalengwalengwa na machozi.

Jumamosi ya pili tulimpitia mama yake Nyongesa, Mama Nangila. Ni mama mnene, goti moja bovu, amevaa kitenge kipya ambacho bado kinanuka duka. Alikuwa amenibebea blanketi zito, limefungwa kwa gazeti. "Baba Jebet," akaniambia, "umetuheshimu sana. Mtu mwingine angesema tupande matatu." Nikamfungulia mlango wa mbele kwa mkono wangu mwenyewe. Jebet na Nyongesa wakakaa nyuma.

Nilikuwa nimepiga hesabu. Hadi Njoro gari litavumilia, likianza kupanda litalia. Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipopita Njoro nikaanza kusikia ile harufu ya oili inayoungua. Kwa kioo nikamwona Nyongesa amekaa wima, jasho kwa paji la uso.

"Mzee, tupunguze mwendo kidogo," akasema.

"Kwani kazi yako huiamini?" Nikakanyaga.

Kwa kona ya kwanza gari likaanza kuvutana lenyewe, likaruka kama punda aliyefungwa kamba. Kona ya pili likaruka zaidi. Mama Nangila akashika dashibodi akaanza kuomba. Kisha kukapiga paa! chini ya miguu yetu, moshi ukaingia ndani, na gari likakwama katikati ya mlima. Tulishuka tukikohoa. Nikampigia Kipkemei, akashuka na pikapu akiwa na wazee wawili, wote na makoti yao ya sherehe. Nilitaka waje. Bila wao kazi yangu ingekuwa nusu.

"Ona," nikawaambia. "Huyu ndiye fundi anayetaka kuoa kwetu. Giabox aliweka juzi. Ametupandisha huku na mama yake mzazi ndani! Leo tungebingirika, mngetuokota kwa gunia."

Mama Nangila akanijia akichechemea, akashika mikono yangu yote miwili. "Baba Jebet, tusamehe. Ni kijana tu. Atatengeneza. Nakuomba, usimwaibishe hivi mbele ya wazee." Nikatoa mikono yangu.

Kitu ambacho sikuhesabu ni Jebet. Huyu msichana alikulia kwa gereji yangu kule shambani, akinipa spana akiwa na miaka saba. Alivua koti lake la sherehe, akalala chini ya gari kwa changarawe. Akasikiliza chuma kikipoa, akanusa, akatoka na oili kwa shavu.

"Hii si bolti kulegea," akasema. "Ni hesabu hazilingani." Akamgeukia Nyongesa. "Wewe huhesabu kila mara. Hii ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Ikawa ngapi?"

"Nyuma arobaini na nne. Boksi arobaini na moja."

"Na ukaweka? Ulijua, ukaweka, ukampakia mama yako, ukanipakia mimi?"

Nyongesa akaniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia vile mtu anangoja mkubwa aseme neno lake. Wazee wakangoja, Mama Nangila akangoja. Mimi nikaangalia moshi.

"Sema, mwanangu," mama yake akamwambia. "Kama kuna kitu, sema."

"Nilimwambia mzee," Nyongesa akasema, chini chini. "Akasema niweke."

Jebet akanigeukia. "Baba, alikuambia?"

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu, na ningekuwa nimempoteza kwa huyo kijana wa Kaptembwo, lakini ningekuwa mtu. Nikamwangalia mtoto wangu machoni. "Hakuniambia kitu," nikasema.

Hakuuliza mara ya pili. Nilidhani atanipima, atatafuta uso wangu. Wapi! Aliniamini papo hapo, vile aliniamini akiwa na miaka saba. Akamrudia Nyongesa na sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Unamsingizia baba yangu? Mbele ya ndugu zake? Ungesema ulikosea ningeolewa nawe na makosa yako. Lakini unamsingizia baba yangu!"

"Jebet, haki..."

"Usiniite. Nenda."

Wakashuka mlima kwa miguu, mama ameegemea mwanawe, na goti lile. Kipkemei akaniuliza kama tuwapeleke hata Njoro na pikapu. Nikasema wana miguu. Blanketi lilibaki kwa gari, nalilalia hadi leo. Ni zito, linashika joto.

Jebet hakunyamaza. Kila mwalimu mwenye gari, kila mtu wa kanisa, alimwambia ajihadhari na fundi fulani wa Kaptembwo, anaweka boksi akijua ni mbaya kisha anasingizia wazee. Wateja wakaisha. Muuzaji wa spea aliniambia Nyongesa ameuza jeki zake, amekodi chumba Karagita kule Naivasha, anakata maua kwa shamba. Siku hiyo nilinunua nyama kilo mbili, nikamwambia Jebet apike yote.

Mwaka uliofuata mwalimu mwenzake, Ndegwa, mtu mpole, ana shamba lake, alikuja kumposa. Hata mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeanza kuona vile uso wake umekauka, vile hacheki tena na hadithi zake mwenyewe, na nikajiambia huyu wa sasa sitamgusa. Jebet akamkataa kabla chai haijapoa.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Ndegwa ni mzuri."

"Nyongesa pia alikuwa mzuri. Nilikuwa tayari kufa na yeye, baba, na alinidanganya akiniangalia. Siwezi tena. Siamini mtu." Akaanza kukusanya vikombe. Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu niliufungua, na maneno yalikuwa hapo. Nikamwambia chai ilikuwa na sukari nyingi.

Jumapili iliyopita alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Sikujua angesimama. Akashika maikrofoni kwa mikono miwili na kuwaambia watu wote kwamba aliwahi kupenda mtu mwongo, karibu aolewe naye, na Mungu akamwokoa mlimani. Akasema hajuti kubaki bila mume. Akasema kuna wasichana hawana hata mtu mmoja duniani ambaye hawezi kuwadanganya, lakini yeye Mungu alimpa mmoja, naye anamtosha hadi siku ya kufa.

"Baba," akasema, huku analia, "simama watu wakuone."

Kanisa lote likageuka likaanza kupiga makofi. Nikasimama.