Chupa Saba za Samli

Chupa zilikuwa saba, zimepangwa chini ya kitanda cha wageni, na hakuna hata moja iliyofunguliwa. Bibi Agnetha, aliyeinama kufagia, alizitambua zote. Alizifunga mwenyewe kwa nailoni na kuwakabidhi makondakta wa mabasi kule Igunga, moja kila mwezi, zimfikie mwanawe Nestori hapa Ipuli. Waliozificha walisahau kwamba mgeni wa kitanda hicho ni yeye.

Aliumia hasa. Nestori alipoachishwa ziwa alikonda hadi majirani wakaacha hata kumuulizia, wakijua hatapona, na ni Agnetha aliyemrudisha, kijiko kwa kijiko, kwa uji uliotiwa siagi. Leo mtoto huyo ni mwalimu mwenye mvi, na samli ya mama yake inalala na vumbi.

Mkwewe, Prisila, alimkuta hapo sakafuni. Hakuzunguka mbuyu. Alieleza kwamba moyo ulimlaza Nestori hospitali wiki mbili, mishipa imeanza kuziba. Mafuta ya maziwa yana vitamini zake, daktari alisema, na mtoto anayekua anayahitaji. Lakini yanaongeza lehemu kwenye damu, na Nestori hana tena nafasi ya kuongeza. Maziwa anywe yaliyotolewa mafuta.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alisema ukikosa cha kumtumia, mama, utadhani hakuhitaji tena. Na kuzitupa alishindwa."

Maziwa yaliyotolewa mafuta! Kwao hayo ni ya mbwa na ndama. Ukimwandalia mtu, utasemwa mpaka matanga yako.

Kesho yake Agnetha aliagiza maziwa yaliyoganda, akayatia kwenye dumu, akakaa mkekani kuyasukasuka mapajani kama alivyofanya maisha yake yote. Siku zote alifurahi kusikia siagi ikianza kugonga. Safari hii aliitoa yote, akayachuja maziwa kwa kitambaa, akayachungulia, akayachuja tena, kisha mara ya tatu.

Nestori aliporudi kutoka shuleni na kumwamkia, mama yake alimpa kikombe kwa mikono miwili, uso ameugeuzia ukutani. Nestori alionja wepesi wake, akamtazama mkewe, akaelewa. Aliyanywa yote bila kupumzika.

"Nimeyachuja mara tatu," mama yake alisema.

"Matamu, mama."

Alijua anadanganywa, na alimpenda kwa uongo huo. Ndipo macho yake yakashuka kwenye visigino vya mwanawe, vilivyopasuka kwa kiangazi ndani ya viatu vya wazi. Alilivuta bakuli la siagi, akachovya kidole, akaushika mguu wa karibu, akauvua kiatu na kuanza kuupaka taratibu.

"Na hili daktari alikataza?"

"Hili hakulitaja."

Nestori, miaka hamsini na miwili, akavua kiatu cha pili.