Mkanda wa Macho ya Kereng'ende

Tik.

Mama Chiriku alifumbua macho gizani, akasubiri. Kimya. Kisha kutoka jikoni ikaja tena: tik. Akashusha pumzi. Ilikuwa swichi ya oveni, ikiwasha na kuzima joto kama alivyoitegesha tangu jioni. Maadamu inasema tik, mambo yako sawa. Ikinyamaza, ama umeme umekatika, ama swichi imenasa na kilichomo ndani kinaungua.

"Unaisikiliza hiyo oveni kama itaamka itake kunyonya," mumewe alinong'ona.

"Lala wewe."

"Nitalalaje, na mama mkwe yuko ndani ya oveni?"

Hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, kile kicheko chake kinachoanza vizuri, kikakwama kooni, kikamalizia kwa mlio mwembamba. Akakifunika upesi kwa kiganja. Baba Chiriku alikuwa akikiita mlango usiotiwa mafuta. Shangazi zake walizoea kumuuliza amekiokota wapi, maana kwao hakuna anayecheka hivyo. Na baba yake, kila akikisikia, aligeuza uso akatazama kando. Ndiyo maana tangu utotoni alijifunza kucheka na mkono mdomoni.

Alinyanyuka, akaenda jikoni kwa kunyata asimwamshe mtoto. Kipimajoto alichokibana kwenye wavu wa oveni kilisoma sawasawa. Nyuma ya kioo, juu ya sahani ya udongo, mkanda wa sauti ulikuwa umelala kwenye gurudumu lake, mweusi kama chapati iliyosahauliwa.

Huo ulikuwa mkanda wa Macho ya Kereng'ende, bendi ya baba yake. Wao ndio waliokuwa wa kwanza kupiga ule muziki ambao watu waliubandika jina la muziki wa kizunguzungu: gita linalia kama linatoka chini ya maji, ngoma zinazunguka chumba, wimbo mmoja unamaliza upande mzima wa sahani ya santuri. Ujanja wao mkubwa ulikuwa kulirekodi gita, kisha kuligeuza, litoke kinyumenyume. Noti inaanzia mkiani, inavimba, halafu inakatika ghafla kama mtu aliyeitwa. Santuri zao bado zipo, na wapenzi wanazigombania. Lakini katika santuri hizo zote, hakuna hata moja ambayo mama yake Mama Chiriku ameimba.

Aliimba mara moja tu, kwenye wimbo ambao haukutoka. Alifariki kabla binti yake hajaanza kutembea, na bendi ikavunjika. Picha zake zilikuwepo, lakini picha haimwiti mtu. Mama Chiriku hakuijua sauti ya mama yake.

Mkanda wenyewe ulikutwa darini kwa mjane wa mpiga besi, chini ya bati linalovuja, boksi lake limeoza hata maandishi hayasomeki. Mama Chiriku, ambaye kazi yake ni kunakili kanda za zamani kwenye kompyuta, aliushika mara moja tu akajua ni mgonjwa. Gundi inayoshikilia unga wa sauti ilikuwa imekunywa unyevu, mkanda unanata kama pipi iliyolambwa. Ukiuchezesha hivyo, unajichubua wote. Dawa yake ni kuukausha taratibu kwa joto dogo, upate nafuu ya muda. Kikaushio cha ofisini kilikufa zamani, na kila mkuu mpya huahidi kingine. Ndipo oveni ya nyumbani ikaingia kazini. Na hata ukikauka, kwa jinsi ulivyoloa, ungevumilia kuchezwa mara moja tu. Mara ya pili ungebaki utepe mtupu.

Jambo jingine lililomweka roho juu lilikuwa masikio ya baba yake. La kushoto lilikuwa limekufa kitambo, faida ya kusimama kando ya spika ujana wote. La kulia sasa lilikuwa linafifia. Siku hizi mzee alijibu maswali ambayo hakuulizwa.

"Fanya upesi, mwanangu," alikuwa amemwambia. "Nataka nimsikie kwa sikio, si kwa kumbukumbu."

Asubuhi, mkanda ulipopoa, aliuviringisha kwenye kitambaa safi akaupakata njia nzima kama kichanga. Ilikuwa Jumamosi, ofisi tupu, na Chiriku hakuwa na wa kubaki naye, kwa hiyo alikuja pia. Jina hilo walimpa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mashine ikianza, hakuna kusema," mama yake alimwonya.

"Na nikitaka kusema?"

"Unameza."

"Na nikishindwa kumeza?"

"Unameza tena."

Mtoto akaketi kwenye kiti cha magurudumu, akajiziba mdomo kwa viganja viwili, tayari kwa kazi.

Babu yake, Mzee Kereng'ende, aliingia amevaa shati lililonyooshwa hadi likawa na makali. Marashi yalimtangulia mlangoni.

"Shikamoo, Baba. Marashi yote hayo ya nini?"

"Marahaba. Naenda kukutana na mke wangu. Ulitaka ninukie mafuta ya taa?"

Mama Chiriku aliupachika mkanda kwenye mashine. Siku nyingine angeuzungusha kwanza mbele na nyuma, kuhakikisha umekaa sawa. Leo hakuthubutu. Kila mpito ulikuwa mkwaruzo, na hakuwa na mkwaruzo wa kupoteza. Aliiweka kompyuta tayari kurekodi, akamgeuza baba yake sikio la kulia lielekee spika, akapiga moyo konde, akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo mtupu. Kisha gita, tamu, safi, kila noti imesimama peke yake kama vikombe mezani. Kisha sauti ya mwanamke. Moyo wa Mama Chiriku ulimruka, halafu ukaanguka palepale. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeyavuta maneno ndani badala ya kuyatoa. Hakushika hata neno moja. Chini ya kichwa cha mashine, pale mkanda unapogusa chuma, unga wa kahawia ulianza kudondoka.

Mzee alikunja uso. "Huu siyo."

"Baba, subiri."

"Nakwambia siyo! Gita limenyooka hivi? Sisi hatukupiga hivi hata siku moja. Umeuoka, umeuharibu! Zima!"

Akapeleka mkono kwenye kitufe. Mama Chiriku akaudaka kwenye kifundo.

Hakuwahi katika maisha yake kumzuia baba yake kwa mkono. Wote wawili waliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine. Lakini mkanda unaonata ukisimama, unagandia kwenye chuma, na ukivutwa unakatika.

"Usiuzime, Baba! Nakuomba!" alimpigia kelele sikioni, akaogopa kwamba amekosa heshima, akaogopa zaidi kwamba mzee anasema kweli. Mashine nayo ikaanza kulia, kwii, mlio wa kitu kikavu kinachokokotwa. Chiriku alikuwa ametoa macho juu ya viganja vyake.

Gita limenyooka. Maneno hayo yalibaki yakimzunguka kichwani.

"Baba, wimbo huu pia mliligeuza gita?"

"Si ndicho ninachokwambia!"

"Na Mama? Sauti yake mliigeuza?"

"Mama yako alikataa. Alisema yeye si shati la kugeuzwa."

Akauachia mkono wa mzee. "Basi kilichogeuka ni mkanda mzima. Waliuacha hivyo walipomaliza kurekodi, haujarudishwa mwanzo. Tunaucheza kutoka mwisho, Baba. Ndiyo maana gita limenyooka na Mama amepinda."

"Sasa?"

"Kompyuta itaugeuza. Ila lazima ufike mwisho."

Na kufika kwenyewe ndiko kulikokuwa kufa na kupona. Mwanzo wa wimbo ungepita mwisho kabisa, wakati chuma kimejaa unga na mkanda umechoka. Mlio ulipanda. Gurudumu lilianza kusita. Mama Chiriku aliweka ncha ya kidole ukingoni mwake, akalisaidia kuzunguka, kidogo tu, kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni acheue. Mzee alisimama nyuma yake, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akinong'ona, "Twende, twende, twende."

Mkanda ukachomoka, ncha yake ikapigapiga hewani: pwata, pwata, pwata.

Alizima. Kwenye kichwa cha mashine kulikuwa na kichuguu kidogo cha vumbi la kahawia. Hakukigusa. Alikwenda kwenye kompyuta, akaigeuza sauti mwisho kuwa mwanzo, akaongeza spika hadi juu kwa ajili ya baba yake, akabonyeza.

Hakukuwa na gita kwanza. Kulikuwa na kiti kinachoburutwa, mtu anakohoa, mwingine anahesabu, moja, mbili. Kisha, karibu kabisa na maikrofoni, mwanamke akasema:

"Ngojeni kwanza, mtoto hajamaliza kunyonya."

"Ah, shemeji! Tunarekodi wimbo au tunalea?" mwanamume akalalamika, na wenzake wakadakia.

Yule mwanamke akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikakwama kooni, kikamalizia kwa mlio mwembamba.

Mzee Kereng'ende aligeuza uso, akatazama ukutani, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mama Chiriku alipeleka kiganja mdomoni kwa mazoea, kikaishia njiani.

Kwenye kile kiti cha magurudumu, viganja viwili vidogo vilishuka.

"Bibi anacheka kama Mama," Chiriku akasema.