Kipimo Kinachosingizia Wazima

Houda aliingia mtaa wa Kinama na karatasi mkononi, na hasira aliyokuwa nayo ingeutosha mtaa mzima. Nani angemlaumu? Jumapili, mbele ya watu wa pande zote mbili, Khadidja, shangazi wa mchumba wake Tajudini, alikuwa amefungua karatasi yake ya kwanza ya vipimo akaisoma kwa sauti ya kuita watu sokoni: homa ya ini, binti anayo. Vitenge vya posa vilikuwa vimeshatandazwa mkekani. Watu wa Tajudini wakavikunja, wakaondoka navyo. Na ndoa ilikuwa iwe Ijumaa!

Kwao desturi ni hiyo. Kabla ya nikahi, mashangazi hubadilishana karatasi za vipimo na kuzisoma hadharani, asije mtu akasema alifichwa. Haya, desturi tumeikubali. Lakini nani aliwaambia kipimo kimoja cha zahanati ya uchochoroni ni hukumu? Zahanati yenyewe imebandika ukutani: "Kipimo chetu hakikosi mgonjwa." Watu wakasoma, wakaelewa kwamba kila kinayemkamata ni mgonjwa. Ebo! Mbona hayo ni mambo mawili?

Jumatatu asubuhi Houda alikuwa kwenye labo moja kubwa ya vipimo, mtaa wa Mutanga Nord, macho yamevimba. Aliyemtoa damu alikuwa Marguerite, mama wa Kikongo aliyezeeka na kazi hiyo. Aliposikia jina la zahanati, alisonya.

"Sikiliza, mwanangu. Kipimo kina kazi mbili, kukamata wagonjwa na kuachia wazima. Kile chao kwa kukamata ni hodari. Kwa kuachia, apana! Kwenye wazima mia, kinasingizia watano. Sasa wakija mabinti elfu moja, na wagonjwa ni kumi tu, kitakamata wale kumi, na wazima kama makumi tano juu yao. Mtu akiona wale sitini, atasema wote wanaumwa. Ndiyo maana kila anayekamatwa lazima apimwe tena, kwa kipimo kingine kisichosingizia ovyo."

"Mbona hawakuniambia?"

"Wangekuambia, ingebidi wakutume kwetu, na pesa ije huku."

Jumatano jibu likatoka. Hana kitu. Hana, wala hajawahi kuwa nacho! Houda hakupitia hata nyumbani, akaja Kinama moja kwa moja.

Alimkuta Shangazi Khadidja uani kwake, anachagua mchele.

"We mutoto, umefuata nini hapa? Mambo yalikwisha."

"Hayakwisha, Shangazi. Jumapili ulinisoma mbele ya watu. Leo utanisoma tena."

Akamwekea karatasi juu ya ungo, mchele ukamwagika. Khadidja aliisoma kimya, midomo ikicheza.

"Kwa sauti, Shangazi! Kama ile ya Jumapili!"

"Hana," alisema Khadidja. "Basi ya kwanza ilidanganya?"

"Ilinisingizia. Inasingizia wengi. Kila anayekamatwa pale lazima apimwe mara ya pili, na wale watu wanajua, wananyamaza tu. Wametuharibia majina yetu, na nyinyi mukawasaidia!"

Alikuwa na mengine ya kusema, mazito kuliko hayo, ameyapanga njia nzima. Alitaka mama huyu alie kama alivyolia yeye. Lakini Khadidja hakujitetea. Alikuwa amekamata ile karatasi kwa mikono miwili.

"Umesema kila anayekamatwa?"

"Kila mutu."

"Mi walinipima mara moja."

"Wapi, Shangazi?"

"Pale pale," alisema Khadidja. "Sasa ni mwaka wa tatu. Nilimwambia bwana yangu aoe mwingine, nisije nikamuua. Akaoa, akahamia kwa mwenzangu huko Kajaga. Wajukuu wakija nawasalimia kutoka mlangoni. Niliposoma karatasi yako nikasema, Tajudini asipate haya yangu."

"Na hukumwambia mutu?"

"Ningemwambia nani? Nisomwe kama wewe?"

Yale matusi yote Houda hakujua tena ayapeleke wapi. Kisha akakumbuka yalikostahili kwenda tangu mwanzo: kule zahanati. Akainama, akamtoa ungo mapajani.

"Vaa viatu, Shangazi. Twende Mutanga, labo haijafungwa. Tukitoka huko tutapita pale zahanati, mimi na wewe, na leo watatusikia."

Khadidja hakuinuka.

"Na wakiniambia sina?" aliuliza. "Houda, mwanangu, wakiniambia sikuwa nayo hata siku moja, bwana yangu nitamdai nani?"